Uzinduzi wa Sikukuu ya Wote

(Hotuba ya Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Sikukuu, Mapumziko na Shangwe Zilizoratibiwa, mbele ya wananchi, katika ukumbi mkubwa wa mji. Yaliyotokea ukumbini yameandikwa na karani wa Idara ndani ya mabano, kama alivyoagizwa: asiache kitu.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika, Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani, ndugu Msaidizi wa Mwakilishi, ambaye tunamwona pale amejinyoosha kwenye viti vya wote wawili, waheshimiwa wakurugenzi, makamu wakurugenzi, wakurugenzi wastaafu na wakurugenzi watarajiwa, wazee wetu wa dini zote, zenye majengo na zisizo na majengo, wenyeviti mliokaa na wenyeviti mliokosa viti, wakuu wa viwanda, hospitali, shule, masoko na karakana, ambao leo mmefunga milango yenu kwa agizo langu ili kila mtu aje anisikilize, kina mama, kina baba, vijana, watoto mlioko mgongoni, wapigapicha, mpigapicha wangu mimi, na wewe, ndugu mwananchi wa kawaida, ambaye itifaki imekuweka mwisho lakini moyoni mwangu uko karibu na mwisho: hamjambo!

("Hatujambo," ya watu wachache.)

Hamjambo tena!

("Hatujambo," kubwa. Mama mmoja wa safu ya mbele akaongeza: "Hatujambo, baba, taja tarehe!")

Tarehe inakuja, mama. Tarehe ni kitu kizito, hakitangulizwi mbele ya salamu.

Kwanza nijipongeze. Wengine hungoja wapongezwe na watu, jambo ambalo huchelewesha kazi. Katika Idara yangu nimeanzisha utaratibu wa kiongozi kujipongeza mwenyewe mwanzoni mwa hotuba, ili muda wote unaobaki utumike kwa maendeleo. Kwa hiyo najipongeza.

(Makofi ya Mkurugenzi.)

Asante. Sikutegemea, lakini nimepokea.

Ndugu wananchi, nchi yetu ni ya dini nyingi, lugha nyingi na kelele nyingi, na tafiti za Idara zinaonyesha kwamba asilimia mia moja ya wananchi wanapenda sikukuu, huku asilimia arobaini zaidi wakizipenda kimyakimya. Wapo wanaofunga kisha wakafungua. Wapo wanaoimba tangu alfajiri mpaka jirani anaamua naye aimbe, maana usingizi umeshakwenda. Wapo wanaowasha taa madirishani, na wapo wanaokaa gizani kuwakumbuka waliotangulia, na mara nyingi hawa wawili wamepanga nyumba moja yenye mita moja ya umeme. Ili asiwepo wa kujiona ametajwa mno wala wa kujiona hakutajwa vya kutosha, Idara imewapa nyote majina ya kitaalamu: Wafungaji, Waimbaji, Wawasha Taa na Wakumbukaji.

(Sauti kutoka nyuma: "Na sisi tunaolala tu?")

Wapumzikaji. Mpo kwenye kiambatisho.

Sasa, tatizo la sikukuu zetu, ndugu zangu, ni kwamba hazikai kikao. Mwezi unaandama unapotaka wenyewe. Jua lina ratiba yake, nyota zina yake, na mvua, ambayo nayo ina watu wake, haina ratiba kabisa. Matokeo yake Mwimbaji akipumzika, Mfungaji yuko kiwandani; Mfungaji akivaa nguo mpya, Mwimbaji yuko dukani anamuuzia vifungo vya nguo hiyo; Mwasha Taa akiwaalika wote wawili, mmoja yuko zamu na mwenzake amelala kwa sababu ametoka zamu. Watu wanaishi ukuta kwa ukuta miaka nenda miaka rudi, wanajuana mpaka kikohozi, lakini hawajawahi kukaa meza moja wakiwa wote wamevua viatu vya kazi.

Hapo ndipo nilipowaza. Nilikuwa kwenye kiti changu, nimefumba macho, kama ilivyo kawaida yangu ninapowaza baada ya chakula cha mchana, nikaona jambo ambalo hakuna mkurugenzi aliyewahi kuliona akiwa amefumba au amefumbua. Nikaona Sikukuu ya Wote! Siku moja ambayo Wafungaji hawajafunga, Waimbaji hawako kwenye msimu wao wa toba, Wawasha Taa wamepumzisha taa, Wakumbukaji wamekwisha kukumbuka. Kazi zote zimefungwa, wazee wa dini zote wako chini ya paa moja, chakula kiko jikoni, bendi iko tayari, na jirani hana kisingizio. Siku ya namna hiyo, ndugu zangu, haijawahi kutokea katika nchi hii. Wataalamu walisema haiwezekani. Mimi nikasema, kwa nini isiwezekane wakati mimi nipo?

(Makofi. Mama wa safu ya mbele: "Tumekusikia. Lini?")

Mama, nakuona, na ni vizuri watu wote wakuone, maana wewe ndiye ushahidi wangu. Ili msidhani nasema hewani, leo nimewaleta wanufaika. Simameni, wanangu.

(Wakasimama binti na kijana wa safu ya mbele, wamevaa nguo za harusi. Watu wakashangilia. Binti akainamisha uso. Kijana akapunga mkono, kisha akaona aibu akaushusha.)

Binti huyu ni muuguzi, anatoka kwa Wafungaji. Kijana huyu ni mwokaji mikate, anatoka kwa Waimbaji. Wanapendana. Idara imethibitisha.

(Kicheko. Sauti: "Mlithibitishaje?")

Tuliwafuatilia. Nyumba zote mbili zimeridhia, na kuridhia kwenyewe kulichukua muda kuliko daraja letu la mtoni, ambalo bado. Walipoafikiana wakawekeana sharti moja tu, na ni sharti la haki: harusi ifanyike siku ambayo pande zote mbili zimepumzika, wazee wa dini zote mbili wapo, na hakuna hata mjomba mmoja aliyeko kazini. Basi siku hiyo wameitafuta kwenye kalenda mpaka kalenda ikachanika. Ikifika sikukuu ya binti, kijana yuko kwenye tanuri, kwa sababu mji mzima unataka mikate. Ikifika sikukuu ya kijana, binti yuko wodini, kwa sababu mji mzima umekula kupita kiasi. Mwaka juzi niliwaahidi Sikukuu ya Wote, wakaahirisha wakaingoja. Mwaka jana nikawaahidi tena, kwa msisitizo zaidi, wakaingoja tena. Sasa binti amehamishiwa hospitali ya mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na anaondoka kesho asubuhi. Na mama yake amesema wazi kwamba kijana hapandi basi moja na binti yake bila ndoa.

(Mama wa safu ya mbele, ambaye kumbe ndiye mama wa binti, akasimama: "Nimesema, na narudia! Kama hakuna siku, anaondoka peke yake!" Mama wa kijana, aliyeketi kando yake, akamshika mkono: "Kaa, dada yangu, atataja. Leo hawezi kututoroka, tumekaa karibu na mlango.")

Kwa hiyo mnaona wenyewe uzito wa jambo. Mapenzi ya watu wawili yananing'inia kwenye Idara yangu, na Idara yangu ni msumari imara. Nguo hizo za harusi, niseme kwa uwazi, ni wazo letu: tumewaomba waje wamezivaa kwa ajili ya picha ya bango. Mpigapicha, umewapata? Sasa nipige na mimi, niwe katikati.

(Mkurugenzi akashuka jukwaani, akasimama kati ya binti na kijana, akapigwa picha, akabadilisha upande, akapigwa tena, akapanda.)

Sasa niingie kwenye rodimapu.

(Sauti: "Ndiyo tarehe hiyo?")

Rodimapu ndiyo njia ya kwendea kwenye tarehe. Awamu ya kwanza ilikuwa ni awamu ya kuandaa awamu, na ilifanikiwa kupita matarajio, kwa kuwa tulipata awamu nyingi kuliko tulizohitaji. Awamu ya pili ilikuwa ya kuwashirikisha mastekiholda, yaani wadau wote. Tulianza na mwezi. Tuliunda kamati ndogo ya mwezi, ikaazimia kwamba kuanzia sasa mwezi uwe unaandama siku za kazi, ndani ya saa za kazi, na si wikiendi wakati afisa husika hapatikani. Mwezi haujajibu, lakini washauri wetu wanasema ukimya ule ni dalili ya kutafakari. Kwa Waimbaji tuliendesha warsha ya kuimba kwa sauti ya chini; ilikwenda vizuri mpaka kiitikio. Kwa Wawasha Taa tulifanya semina ya matumizi bora ya umeme, ikaishia katikati, umeme ulipokatika. Wakumbukaji tulisahau kuwaalika. Tumewaomba radhi, nao wamesema hawatatusahau.

Mimi mwenyewe sikukaa. Nilisafiri nchi ishirini na moja kujifunza jinsi wenzetu wanavyopumzika. Nilipumzika hotelini, nilipumzika ufukweni, nilipumzika kwenye ndege nikienda kupumzika, na nikarudi nyumbani nimechoka kwa niaba yenu. Fidibeki niliyoileta, yaani mrejesho, inaonyesha kwamba Sikukuu ya Wote itaongeza furaha ya taifa kwa asilimia mia tatu na kupunguza uchovu kwa asilimia mia mbili, maana yake mwananchi atakuwa amepumzika kabla hajachoka.

(Akasimama shangazi wa binti, fundi cherehani, kwa sauti inayojulikana sokoni kote: "Mkurugenzi! Hilo gauni nimelishona mimi. Mwaka juzi nilishona, mwaka jana nikalipanua, wiki iliyopita nikalipanua tena! Binti anangoja huku ananenepa!" Binti: "Shangazi, jamani!" Shangazi: "Ni ukweli, mwanangu, mchumba wako anakulisha mikate. Kitambaa cha kupanulia kimekwisha!" Kicheko cha muda mrefu. Kijana naye alicheka, akaziba mdomo.)

Dada fundi, hoja yako imepokelewa na itaingizwa kwenye awamu ya mavazi.

Ndugu wananchi, niruhusuni nitoke kidogo kwenye karatasi. Nyumba niliyokulia ilikuwa ya vyumba sita, ua mmoja na bomba moja. Sisi tulikuwa Waimbaji. Upande wa pili wa ukuta walikaa Wafungaji, baba yao akishona viatu barazani. Siku yao ya kufungua, mama yao alikuwa anatupitishia sahani juu ya ukuta, imefunikwa kitambaa, nasi watoto tunaingoja chini mikono juu, kama watu waliokamatwa. Siku yetu ikifika, mama yangu aliirudisha sahani ileile, na haikurudi tupu. Tulikuwa tunafunga pamoja na watoto wao mpaka saa nne asubuhi. Njaa ikituzidi nguvu tunakuwa Waimbaji tena, tunaingia ndani tunakula, halafu tunatoka tunafunga upya. Hakuna aliyetutangazia. Hakuna aliyezindua. Ile nyumba haipo sasa. Wale jirani siku moja walifunga mizigo wakaenda, sikujua mji gani, na nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuuliza, waliojua nao walikuwa wamekwenda.

(Mzee mmoja akatoa leso.)

Naam. Hata hivyo, utaratibu ule ulikuwa na mapungufu makubwa. Haukuwa na msimamizi, haukuwa na nembo, na sahani zilikuwa zinavuka ukuta bila kibali. Narudi kwenye karatasi.

Awamu ya tatu, ndugu zangu, ni awamu ya pailoti, yaani ya majaribio, ambayo chini yake kutakuwa na kamati ndogo nne, na chini ya kila kamati ndogo kutakuwa na kamati ndogo zaidi, mpaka tufike kwenye kamati ya mtu mmoja, ambaye atakuwa mimi...

(Hapo shangazi fundi akapanda juu ya kiti, akageukia watu. "Jamani, hebu nisikilizeni mimi kidogo. Humu ndani kuna mtu ambaye leo yuko kazini?" Watu: "Hakuna!" "Kiwandani?" "Kumefungwa!" "Hospitali?" Binti: "Wamebaki wa zamu tu, shangazi, na mimi si wa zamu." "Tanuri?" Kijana: "Limezimwa tangu jana. Agizo la Idara." Shangazi akawageukia wazee wa dini waliokaa viti vya heshima. "Wazee wangu, shikamooni. Leo kuna anayefunga?" Mzee wa Wafungaji: "Marahaba. Leo hakuna." "Kuna toba?" Mzee wa Waimbaji: "Iliisha juzi, mwanangu, na mimi nikafurahi." "Na hizo sufuria ninazozinusa hapo nje?" Mpishi wa Idara, akiwa mlangoni na mwiko mkononi: "Za uzinduzi. Wali na nyama, ukumbi mzima ule ushibe." Shangazi akafungua mikono. "Basi, kinachotuzuia ni nini?" Watu wakatazamana. Kisha yule wa nyuma, wa Wapumzikaji, akasema: "Hotuba!")

Nafurahi! Nafurahi kuona mjadala umeshika moto kiasi hiki. Huu ndio ushirikishwaji ninaousema siku zote. Endeleeni kujadili kwa sauti ya chini, mimi nitaendelea kwa sauti ya juu, na tutakutana kwenye maazimio. Nilikuwa kwenye kamati ndogo zaidi.

(Mama wa binti alikuwa bado amekaa, mikono kifuani. "Hapana," alisema. "Sikukuu hajaitangaza. Nilisema sharti ni sharti." Mama wa kijana akamsogelea. "Dada yangu, sharti lilikuwa tangazo au lilikuwa watu?" "Watu." "Basi angalia. Ndugu zangu wapo?" "Wapo." "Na wa kwenu?" "Wapo wote, mpaka wale wasioelewana." "Na mjomba wenu yule, yuko kazini?" Mama wa binti akageuka kumtazama mjomba, aliyekuwa anasinzia na soda mkononi. "Yule? Yule hata siku za kazi hayuko kazini." Akaanza kucheka, na kicheko kikamzidi, akawa anacheka huku anafuta machozi. "Haya," alisema. "Haya! Waiteni wazee kabla sijabadilisha mawazo.")

Kamati ndogo zaidi itakuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na msemaji wa kukanusha. Itakutana kila robo mwaka, isipokuwa robo ambazo haitakutana. Kazi yake kubwa ni kuoanisha. Neno hilo, ndugu zangu, kuoanisha, nimelichagua mimi mwenyewe, nikalipigania kwenye kikao, maana wapo waliotaka tuseme kulinganisha, nikawaambia, nyie hamjui mnachokitafuta.

(Wazee wawili wa dini wakashuka kutoka viti vya heshima, wakasimama mbele ya binti na kijana. Mzee wa Wafungaji: "Anza wewe, umenizidi umri." Mzee wa Waimbaji: "Nani kakuzidi? Hizi mvi ni za kwaya. Anza wewe." "Basi nitaanza, lakini usiimbe mpaka nimalize." "Na wewe usirefushe kama huyu hapo juu." Watu wakasogeza viti, wakafanya duara. Safu za nyuma zikapanda juu ya viti.)

Vizuri sana, naona mnasogea mbele. Wa nyuma pia sogeeni, hotuba inafika kwenye nyama. Kabla sijaingia kwenye maazimio, nataka nipate ridhaa ya umma, kwa uwazi kabisa, ili kesho asije mtu akasema hakuulizwa. Nauliza: je, mnaukubali muungano huu, katika hali zake zote, wakati wa bajeti nene na wakati wa bajeti finyu?

(Mzee wa Wafungaji alikuwa amemaliza kumuuliza binti. Binti akajibu, ukumbi mzima ukasikia: "Nimekubali!")

Asante, binti yangu. Karani, umeandika? Mnufaika amekubali. Na wewe kijana?

(Mzee wa Waimbaji alikuwa amemaliza kumuuliza kijana. Kijana: "Nimekubali! Kwa moyo wangu wote, na bila kuahirisha tena!")

Jamani! Nimehudumu katika idara saba, sijawahi kuona sera ikipokelewa namna hii. Angalieni, kijana analia. Mwenzake analia. Mpaka wazee wa dini wanakumbatiana, watu ambao hata kwenye foleni ya benki hawapeani nafasi! Ndiyo maana nasema, mipango mizuri inagusa roho.

(Vigelegele. Kofia zikarushwa juu. Mtu akamwamsha mjomba, naye akapiga makofi kabla hajajua ya nini. Mama wa binti na mama wa kijana wakashikana mikono wakaanza kuzunguka.)

Ketini, ketini, mtanifanya na mimi nijisikie. Nashukuru. Vigelegele vimetosha. Mama, usirushe mchele, mchele una bajeti yake. Bendi, bado! Nimesema mkisikia "mwisho" ndiyo mpige wimbo wa Idara.

(Bendi ikapiga. Haukuwa wimbo wa Idara.)

Mwendo huo si wa Idara, lakini unatembea. Haya, pigeni taratibu, nitasema juu yake. Nilipokuwa kijana na mimi nilikuwa nacheza kidogo, ila si kwenye kumbukumbu za kikao. Karani, hilo usiliandike.

(Karani aliagizwa asiache kitu.)

Ndugu wananchi, nafika sasa kwenye tarehe.

(Hakuna aliyegeuka.)

Nimesema nafika kwenye tarehe! Ile mliyoniuliza tangu nilipofungua mdomo! Tarehe ya Sikukuu ya Wote itatajwa katika hotuba maalumu ya kutaja tarehe, ambayo tarehe yake itatangazwa. Msivunjike moyo.

(Hakuna aliyevunjika moyo. Mpishi wa Idara akaingiza sufuria ya kwanza, watu wakampisha njia kwa shangwe. Kijana akavua koti la harusi akamsaidia kubeba. Shangazi akamfokea alirudishe mwilini, halijapigwa picha ya kutosha.)

Naona hamasa iko juu, kwa hiyo tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema "Sikukuu ya Wote", nyinyi mseme "Kwa Wakati Muafaka". Sikukuu ya Wote!

(Watu, wakicheza: "Hoyeee!")

Karibu na hapo. Nikisema "Pumzika", mseme "Kwa Mpangilio". Pumzika!

("Hoyeee!")

Jirani Mmoja!

(Yule wa Wapumzikaji, mdomo ukiwa umejaa wali: "Sahani Moja!" Mkurugenzi akatazama karatasi yake. Hilo halikuwemo.)

Hiyo si mbaya. Sasa nimalizie kwa shukrani, na shukrani zangu zitakuwa za wazi, kwa kuwa mmekuwa wazi kwangu. Namshukuru kwanza mchora nembo, kwa kuwa nembo ndiyo sehemu pekee ya mradi huu iliyokamilika. Naishukuru Kamati ya Taifa ya Sikukuu ya Wote, ambayo itaundwa. Nawashukuru wanasheria walioandika sheria ya Sikukuu ya Wote, ambao nitawatafuta. Nawashukuru kwa namna ya pekee wataalamu wa kalenda, waliotuambia tangu mwaka ule wa kwanza kwamba siku kama hiyo haipo na haiwezi kupatikana, nasi tukaona ni vibaya kuwakatisha wananchi tamaa mapema, tukaamua tuwakusanye kwanza. Na nawashukuru wenye hazina, ambao walitupa fedha za mradi mzima, zikatosha kabisa uzinduzi: viti, wali, nyama, bendi, na suti hii. Kwa hiyo, ndugu zangu, kwa masikitiko yaliyojaa matumaini, naomba mfahamu kwamba Sikukuu ya Wote haipo. Haikuwahi kuwapo. Leo ni siku ya kazi kama siku nyingine yoyote, na mkishamaliza kunipigia makofi kila mtu arudi kazini kwake.

(Hakuna aliyempigia makofi na hakuna aliyerudi kazini. Mkurugenzi akakunja karatasi, akasimama kidogo peke yake jukwaani. Akaona mama wa binti anapanda ngazi kumfuata.)

Mama, najua. Najua nilichokufanyia. Mwaka juzi, mwaka jana, na leo. Nitukane tu, ni haki yako.

("Nikutukane kwa lipi, baba? Nimekuja kuomba hiyo maiki. Tunataka kumtambulisha bwana harusi.")

Bwana harusi gani?

("Mkwe wangu. Wameoana ulipokuwa kwenye kamati ndogo.")

Wameoana? Hapa? Leo? Bila awamu ya tatu?

("Ulituletea watu, baba, ukatuletea wazee, ukafunga na kazi zote. Tulikuwa tukungojee nini tena?" Akachukua maiki. Mkurugenzi hakuishika kwa nguvu.)

Basi... basi angalau karani aandike kwamba harusi hii haikuratibiwa na Idara.

(Imeandikwa.)

Mama. Na kesho? Kesho asubuhi itakuwaje?

(Mama wa binti aliwatazama wanawe wale wawili pale chini, wamezungukwa na watu wa kila jina ililobuni Idara, gauni limeanza kuachia ubavuni na hakuna anayejali. "Kesho wanapanda basi moja," alisema, "na sisi tutabaki kituoni tunalia. Hiyo ni kesho, baba. Leo shuka ucheze.")